Mtu wa Tatu Ndani ya Daladala na Kivuko

Uvumilivu na wema huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni mali ya moyo wa mtu mmoja mmoja, ambayo mwenye nayo aliipata kwa wazazi wake, msikitini au kanisani, na huenda nayo kila aendako. Usafiri wa umma wa jiji la Mwanza na wa mwambao wa Ziwa Victoria unaonyesha upande mwingine wa sifa hizo, kwa kuwa humo wema mwingi hutendwa na watu wasiojuana hata majina, kwa dakika chache tu, na chanzo chake si lazima kiwe huruma ya mmoja kwa mwenziwe, bali ni desturi ya abiria kusemeana na kuagizana. Mazungumzo haya yanaichunguza desturi hiyo, namna mtu anavyojifunza kwayo bila kufundishwa, na pale inapogota, maana ziwa hilo lina historia ya misiba inayodai kwamba uvumilivu wa abiria utazamwe kwa jicho kali kidogo kuliko ilivyozoeleka.

Mwanasosholojia wa Kijerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba kabla mabasi, treni na tramu hazijaenea katika karne ya 19, watu hawakuwa wamewahi kujikuta wakitazamana kwa dakika nyingi, au hata kwa saa kadhaa, bila kusemezana. Kauli hiyo inaifaa Berlin aliyoishi, lakini kwa watu wa ziwani inahitaji kurekebishwa, kwa sababu Wakerewe, Wajita, Wazinza na Wakara walikuwa wakivuka maji kwa mitumbwi ya makasia muda mrefu kabla reli ya kutoka Tabora haijafika Mwanza mwaka 1928, na ndani ya mtumbwi ukimya wa namna hiyo hauwezekani: mmoja hupiga kasia, mwingine huchota na kumwaga maji yanayoingia, na aliye mbele humwambia wa nyuma mahali penye mwamba. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba abiria wa leo walirithi mazoea yao humo. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini gari la abiria la Mwanza lina maneno mengi kiasi hicho hatakosea akianza kwa kukumbuka kwamba jiji lenyewe limekaa kando ya maji hayo.

Usafiri wa kila siku wa jiji hilo unategemea daladala, yaani magari ya abiria yanayomilikiwa na watu binafsi na kutoza nauli kwa kila safari, na katika njia nyingi gari lenyewe ni Haisi, basi dogo lenye safu za viti zilizobanana na viti vya kukunja vilivyowekwa kwenye njia ya kupitia. Kutoka katikati ya mji magari hayo huelekea Nyegezi na Buhongwa kwa upande wa kusini, Igoma na Kisesa kwa upande wa mashariki, Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege kwa upande wa kaskazini, yakipita kati ya vilima vya mawe ambavyo havikuacha nafasi ya barabara nyingi. Umbo la gari lenyewe hulazimisha adabu. Abiria wa kiti cha nyuma kabisa anapotaka kushuka Mabatini, watu watatu au wanne waliokalia viti vya kukunja hulazimika kunyanyuka, kuvikunja, kuteremka hadi chini, kumpisha, kisha kupanda tena, na kwa kuwa jambo hilo hurudiwa karibu kila kituo, aliyekaa mlangoni hufika Igoma akiwa ameshuka na kupanda mara nyingi kuliko konda mwenyewe. Anayenuna mara ya kwanza huachwa. Akinuna mara ya pili, mtu fulani humkumbusha, bila ukali, kwamba naye atafika kwake na atataka kupishwa.

Fedha nazo zina somo lake. Konda, ambaye ni msaidizi wa dereva anayekusanya nauli, kutangaza vituo na kugonga bati la gari ili liondoke, mara nyingi hana chenji, yaani fedha ndogo za kumrudishia abiria aliyetoa noti kubwa. Nauli zilizotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na kuanza kutumika Desemba 2023 ziliiweka safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 kuwa shilingi 600, kiasi ambacho kwa hesabu ya noti ya 1,000 kinaacha 400. Abiria wawili wasiojuana wakitoa kila mmoja noti hiyo, konda hudaiwa 800. Asipokuwa na sarafu za kutosha humwekea mmoja wao mkononi sarafu ya 500, moja ya 200 na moja ya 100, akasema wagawane, kisha akawageukia wengine kana kwamba deni limekwisha. Sarafu hizo hazigawanyiki sawasawa kwa watu wawili, kwani atakayechukua 500 atakuwa amezidishiwa 100 ambayo hana ya kurudisha. Hapo ndipo mtu wa kiti cha nyuma, ambaye hakuhusika tangu mwanzo, hunyoosha mkono na sarafu tano za mia mia, akapokea ile ya 500, na wale wawili wakapata kila mmoja 400 yake. Asipopatikana mtu huyo, mmoja husamehe mia yake kwa maneno mawili, “acha tu”, na hakuna anayemsifu.

Kisa hicho kidogo kinafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu aliyekimaliza hakuwa konda wala mmoja wa wadai, bali mtu wa tatu, na mazungumzo haya yanashikilia kwamba katika usafiri wa Mwanza mtu wa tatu ndiye nguzo ya wema wote. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa mkononi hapandi Haisi iliyojaa akaomba kiti. Anayeomba ni mwingine, aliyekaa mbali kidogo, ambaye husema “mpisheni mama huyo”, na kijana aliye karibu husimama kana kwamba ametajwa kwa jina. Kama hakuna nafasi ya kupisha, mtoto huchukuliwa na kupakatwa na mtu asiyemfahamu, ndoo hupitishwa mkono kwa mkono hadi ilipo nafasi ya kuiweka, na wenye viatu vizuri huinua miguu bila kuambiwa, kwa kuwa maji ya dagaa yanajulikana yanakoelekea gari likipanda mlima.

Ugumu ambao desturi hiyo inauondoa uliwahi kupimwa mbali sana na ziwa. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram aliwatuma wanafunzi wake katika treni za chini ya ardhi za New York wakawaombe abiria wawaachie viti, bila kutoa sababu yoyote, na kinyume cha matarajio ya wengi, takriban asilimia 68 ya walioombwa ama walinyanyuka ama walisogea ili mwombaji akae. Kilichomshangaza zaidi mtafiti huyo kilikuwa upande wa waombaji: wanafunzi walirudi wakilalamika kwamba kazi hiyo ilikuwa ya mateso, na alipojaribu mwenyewe maneno yalimkwama kooni. Inaonekana basi kwamba watu wa mjini hutoa kwa urahisi kuliko wanavyoomba, na kwamba wema mwingi hupotea kabla ya kutendwa kwa sababu mwenye shida ameona haya kufungua kinywa. Abiria wa Mwanza hawakufanya utafiti, lakini wamempunguzia mwenye shida kazi hiyo kwa kumpa msemaji.

Majina ya heshima humsaidia msemaji huyo kuliko hoja. Mwanamke asiyejulikana huitwa mama, au mayu ikiwa msemaji na msemwa ni Wasukuma, kwa kuwa neno hilo ndilo Wasukuma wanalomwitia mama. Mwenye mvi huamkiwa shikamoo kabla hajaulizwa anakwenda wapi. Kijana mwenye nguvu huitwa ngosha, yaani mwanamume kwa Kisukuma, na akishaitwa hivyo mbele ya gari zima inakuwa vigumu kwake kubaki ameketi. Sifa ya namna hiyo ina hila ndani yake, na wanaoitumia wanalijua hilo vizuri.

Njia ya kuelekea Bugando inaonyesha desturi hiyo ikifanya kazi kubwa zaidi. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda iliyojengwa juu ya kilima katikati ya jiji, na huwapokea wagonjwa waliopewa rufaa, yaani waliotumwa na hospitali za chini kwa sababu matibabu yao yamezidi uwezo wa huko, kutoka Ukerewe, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na kwingineko. Wengi wao hufika jijini kwa mara ya kwanza wakiwa na karatasi moja mkononi na ndugu mmoja wa kuwasindikiza, ambaye naye ni mgeni vilevile. Mgonjwa wa aina hiyo hupitishwa mjini kwa kukabidhiwa: abiria mmoja humwambia konda amshushe mahali pa kubadilishia gari, konda humwonyesha kwa muuza maji wa kituoni, muuza maji humpandisha gari jingine na kumwagiza konda wa pili. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua kama mgonjwa alifika. Kila mmoja ametenda sehemu yake na kurudi kwenye shughuli zake, na kwa maoni ya mazungumzo haya wema usiongoja taarifa ya matokeo una thamani kubwa kuliko ule unaotaka kushukuriwa.

Isidhaniwe kwamba magari hayo ni mahali pa upole mtupu. Konda hufoka, husema amebakiza mmoja tu ilhali nafasi za watu zimekwisha, na huendelea kusema “bado mmoja” hata baada ya watano kupanda, huku abiria waliowahi wakisubiri juani. Hasira dhidi yake ni ya haki, ila hupungua kidogo mtu anapojua mpango wa kazi unaomwendesha. Mtafiti Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa daladala wa Dar es Salaam, alieleza jinsi kazi hiyo inavyoongozwa na hesabu, yaani kiasi maalumu ambacho dereva na konda hutakiwa kumpelekea mwenye gari kila siku hata kama abiria walikuwa wachache, wakalipe na mafuta, na kinachobaki ndicho kiwe ujira wao. Jambo hilo la hesabu si geni kwa Mwanza. Ukali wa konda saa nne asubuhi, basi, mara nyingi ni ukali wa mtu ambaye bado anafanya kazi ya kumlipa mwingine na hajaanza kujitafutia chake. Abiria aliyekwisha kulielewa hilo haachi kudai chenji yake, ila huidai bila matusi.

Anayeumia zaidi kwa mpango huo ni mwanafunzi. Nauli yake imewekwa kuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, na kwa mtazamo wa hesabu kila mwanafunzi aliyekaa ni kiti kilichopotea, kwa hiyo asubuhi makundi ya watoto wenye sare huachwa vituoni gari baada ya gari. Mtu wa tatu hujitokeza hapa pia, akiwa amesimama mlangoni na kukataa kuingia mpaka watoto wawili watatu watangulie, na konda ambaye hataki kumkosa mwenye nauli kamili hukubali. Ni jambo zuri kulitazama na ni aibu kwamba linahitajika, kwa maana haki iliyokwisha kuwekwa kwa kanuni haikupaswa kutegemea kama mtu mzima mwenye moyo atakuwepo kituoni asubuhi hiyo.

Ziwani uvumilivu hupimwa kwa kipimo kirefu zaidi. Kwa miaka mingi msafiri wa kwenda Sengerema, Geita na Bukoba alivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko, yaani chombo bapa kinachobeba magari na watu kutoka gati moja hadi jingine, kati ya Kigongo upande wa Misungwi na Busisi upande wa Sengerema. Abiria waliteremka mabasini, wakapanga foleni, wakanunua samaki wa kukaanga na ndizi, wakaulizana habari za bei ya pamba na za mvua, na saa moja au mbili zikapita. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na safari hiyo sasa ni ya dakika chache. Ni upuuzi kuililia foleni, hasa kwa anayekumbuka kwamba wajawazito na majeruhi waliokuwa wakipelekwa Bugando nao walingoja kwenye foleni hiyo hiyo. Watu hawahitaji kuteswa ili wawe wema, na muda uliookolewa Kigongo unaweza kutumika vizuri mahali pengine.

Kusubiri kwenyewe hakukwisha, kwa sababu Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome ni visiwa na watu wake bado huvuka maji, na safari ya meli kati ya Mwanza na Bukoba bado ni ya usiku mzima. MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurejea majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, imewafundisha vizazi vitatu vya abiria wa daraja la chini sentensi moja yenye uzito mkubwa: “niangalizie mzigo”. Anayeambiwa hivyo na mtu asiyemjua hawezi kulala mpaka mwenye mzigo arudi, kwa kuwa amepokea amana, yaani kitu alichokabidhiwa kukitunza bila malipo na bila maandishi, na akipatwa na haja ya kuondoka humtafuta mwingine wa kumrithisha ulinzi huo. Mizigo mingi imevuka ziwa namna hiyo, mikononi mwa walinzi watatu au wanne ambao mwenye mali hakumjua zaidi ya mmoja wao.

Kuna tendo moja la wema wa barabarani ambalo abiria hawapaswi kupanda nalo chomboni, nalo ni kusogea. Ndani ya Haisi abiria husogea ili mwingine aingie, na hasara yake kwa kawaida ni joto na nguo iliyokunjamana. Chombo cha majini hakihesabu hivyo, kwa kuwa kila uzito unaoongezwa hukizamisha kidogo zaidi, na uzito huo ukikaa juu au ukihamia upande mmoja kwa ghafla, uwezo wa chombo kujirudisha wima hupungua mpaka ukaisha. MV Bukoba, iliyokuwa imeidhinishwa kubeba abiria 430, ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na kupitia Kemondo ambako watu wengi zaidi walipanda. Mamia walikufa, na wengi wamezikwa Igoma, mahali ambapo daladala za kila siku hupita. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilichoidhinishwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, na waliokufa peke yao walizidi watu 220. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya idadi ambayo kivuko kilistahili kubeba kikiwa salama.

Dhamana ya idadi hiyo ni ya mwenye chombo, ya nahodha na ya wakaguzi, na hakuna hoja inayoweza kuihamishia kwa wafu. Kisiwa chenye safari chache kwa siku hakimwachii mtu uchaguzi mpana, na mwanamke anayetoka gulioni na watoto wanaomngoja ng’ambo hawezi kulaumiwa kwa kutaka kufika. Hata hivyo, swali la mazungumzo haya linabaki palepale gatini: yuko wapi mtu wa tatu? Katika gari, mtu asiyehusika hufungua kinywa kwa ajili ya mwanamke mwenye ndoo, kwa ajili ya mwanafunzi, kwa ajili ya mgonjwa mgeni. Kwenye gati mtu huyo huyo mara nyingi hunyamaza, kwa sababu kusema kwamba chombo kimejaa kunasikika kama kumnyima mwenzake nafasi, na aliyelelewa kusogea huona kukataa kusogea ni uchoyo. Uungwana wake unamziba mdomo pale ambapo sauti yake ingehitajika zaidi.

Kwa hiyo desturi iliyopo haina budi kuongezwa kitu kimoja. Abiria wa vivuko na boti za Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wanaombwa, kabla ya kukanyaga ubao wa kupandia, waulize chombo kimeidhinishwa kubeba watu wangapi, swali ambalo Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini, limewekwa ili lipate jibu. Wakiona idadi imepita, waseme kwa sauti ile ile wanayotumia kumwombea mama kiti, na walio tayari kubaki wabaki pamoja, ili asiwepo mmoja wa kuonekana mwoga peke yake. Mwenye safari ya dharura, mgonjwa na mwenye mtoto mchanga watangulizwe. Wengine wangoje safari inayofuata.